Kikaratasi Ambacho Sikukitundika

Nilipokuwa na miaka kumi na tatu niliharibu injini ya boti aliyoitunza Baba, kisha nikamwacha aamini kwamba aliiharibu yeye. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na mahamri na chai ya maziwa utanipenda kabla hujanijua, na sitaki tena kupendwa kwa namna hiyo.

Wiki iliyopita nilipita Najma, mtaa wetu wa zamani hapa Doha, kutafuta vipuri. Jengo letu halipo. Pamebaki uwanja wa vumbi, na magari yameegeshwa pale palipokuwa na ngazi. Nilihesabu hatua hadi mahali nilipokisia kuwa ndipo kilipokuwa chumba chetu, nikasimama kama mjinga, nikisikiliza kama kiyoyozi bado kinadondosha maji.

Kilikuwa kiyoyozi cha dirishani, kikuukuu, kilichokoroma kuliko Baba. Maji yake yalidondokea kwenye ndoo ya buluu, na kazi yangu kila asubuhi ilikuwa kuyachuja kwa kitambaa na kuyatia kwenye chupa. Mama aliyatumia kwa pasi. Yaliyobaki Baba aliyapeleka kazini kuchanganyia dawa ya kupoza injini. "Haya hayana chumvi," alisema. "Injini inayapenda." Ndivyo alivyozungumza: injini inapenda hiki, injini haitaki kile, kama mzazi anayemsemea mtoto aliye na homa.

Alitunza boti ya tajiri mmoja kule Lusail. Sisi wa Mombasa mwajiri tunamwita tajiri hata kama hana kitu. Huyu alikuwa nacho. Ufundi Baba aliupata Mtwapa, kwa kushika. Aliweka kiganja juu ya chuma, akainamisha kichwa, akajua. Ufunguo wa boti ulifungwa kwenye boya dogo la rangi ya chungwa ili ukianguka majini uelee. Nyumbani aliuweka juu ya friji, na hakuna aliyethubutu kuweka kitu kingine pale, hata mkate.

Chumba cha pili cha nyumba ile kilikuwa cha jirani yetu Mganda, mlinzi wa hoteli, aliyekuja kila Ijumaa asubuhi na kikombe chake mwenyewe.

"Muzee, leo boti imesema nini?"

"Imesema unatumalizia chai."

Mama alicheka, akamwongezea. Nasikia bado harufu ya iliki na mafuta ya mahamri, na jirani akipuliza kikombe kwa kelele kusudi aniudhi.

Mimi nilimwonea Baba aibu. Nimekwambia sitaficha. Nilikuwa mtoto wa kupiga mistari kwa rula. Mwalimu wangu aliwahi kunirudishia insha nzima kwa sababu pambizo ilipinda, na tangu hapo nilirarua kila ukurasa uliokuwa na kosa. Baba kufanya mambo kwa kiganja kulinitia wasiwasi. Nikaanza kujifundisha injini kwa video za simuni. Niliyoipenda zaidi ilikuwa ya mzee mwenye kofia ya sufu, katika nchi ambayo maji ya ziwa huganda yakawa barafu. Alionyesha jinsi ya kuandaa injini ya boti kabla ya baridi: unafunga valvu inayovuta maji ya bahari ya kupoza injini, unachomoa mpira wake, unautumbukiza kwenye ndoo yenye dawa ya rangi ya waridi ya kuzuia maji yasigande, unawasha, injini inainywa mpaka waridi litokee kwenye ekzosi. Kisha unazima, unarudisha mpira, na valvu unaiacha imefungwa hadi baridi iishe. Mwisho, alisema mzee, tundika kikaratasi kwenye usukani, ili atakayekuja ajue valvu imefungwa.

Niliitazama hadi nikaijua kwa moyo. Sikujiuliza hata mara moja mambo hayo yanahusu nini Doha, ambako baridi ni sweta la asubuhi unalolivua saa nne. Hapa boti hulala wakati wa joto, wenyewe wakiwa wamesafiri. Baridi ikija ndipo watu wanaingia baharini. Baba alilijua hilo. Mimi nilidhani amesahau.

Ilikuwa Alhamisi, tuko likizo. Baba alikwenda Industrial Area kufuata chujio la mafuta, akaniachia ufunguo na kazi ya kuosha sitaha. Dawa nilikuwa nimeinunua kwa pesa zangu za Idi, nikaificha kwenye mkoba. Nilifanya kila hatua. Waridi lilipotoka kwenye ekzosi nilipiga makofi peke yangu. Nikafuta kila tone, nikasuuza ndoo, nikaikausha. Usafi huo ndio ulioficha kila kitu baadaye.

Kikaratasi kilinishinda. Cha kwanza herufi zilipanda. Cha pili niliruka neno. Cha tatu kililowa mkononi. Nikasema nitakiandika vizuri nyumbani, nitakitundika Jumamosi. Usiku huo nilikiandika kwa rula na kalamu mbili, kikapendeza, nikakiweka mkobani. Baba sikumwambia, nilitaka akikute pale, ashangae.

Nilipoamka Ijumaa, juu ya friji hapakuwa na ufunguo. Tajiri alikuwa amepiga simu alfajiri: anataka kutoka na watoto wake.

Baba alirudi alasiri. Nilikuwa nimelala nyuma ya pazia, au nilijifanya.

"Tajiri kawasha mwenyewe, mimi niko kwenye kamba," alimwambia Mama. "Tumefika nje, moshi. King'ora kinalia, watoto wanalia. Nafungua chini, valvu imefungwa."

"Nani kaifunga?"

"Nani mwingine? Mwenye ufunguo ni mimi."

"Na mtoto jana?"

"Mtoto anaosha tu. Hagusi kitu bila kuniuliza."

Kiyoyozi kilikoroma. Halafu Baba akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Sikumbuki kuifunga, mamake. Sikumbuki kabisa."

Hapo ndipo nilipotakiwa kuinuka. Sikuinuka.

Tajiri hakumfukuza. Alimletea fundi mwingine, na ufunguo ukaenda kwake. Baba alibaki kuosha na kung'arisha. Mama akaanza kuweka mkate juu ya friji. Jirani, ambaye hakuwa na ubaya wowote, aligeuza jambo hilo kuwa mzaha wa kila Ijumaa: "Muzee, leo umekumbuka kuvaa viatu?" Baba alicheka naye, na baada ya kucheka nilimwona akitazama miguu yake. Akaanza kuandika kwa kalamu kwenye kiganja, kile kile kilichokuwa kikijua kila kitu: gesi, mlango, simu. Siku moja tulishuka basi na kurudi mwendo mrefu kukagua jiko. Lilikuwa limezimwa. Alilishika mara tatu.

Miaka kumi nilinyamaza. Wazazi walirudi Mombasa, jirani akaenda kwao, mimi nikawa fundi wa boti hapa hapa. Mwezi uliopita nilimpigia Baba, nikamwambia yote: mzee wa kofia, ndoo, kikaratasi cha rula.

"Kwa hivyo haikuwa mimi," alisema.

"Haikuwa wewe, Baba. Nisamehe."

"Miaka kumi, mwanangu." Akavuta pumzi. "Ile dawa ulichanganya na maji gani?"

"Ya dukani."

"Ungechukua ya ndoo ya buluu," alisema, akampa Mama simu.

Mama ananiambia Baba bado anarudi kukagua jiko, imeshakuwa tabia. Sikuweza kumrudishia kile nilichomwondolea, na ile ndoo ya buluu sijui ilitupwa wapi. Kwangu limebadilika jambo moja. Siku hizi, kabla sijagusa valvu yoyote, naandika kikaratasi na kukitundika kwenye usukani, hata herufi zikipanda.