Mwaka Ambao Nzige Hawakupanda Jukwaani

Mtaa mzima ulimwita Farao, na mwenyewe aliitika bila kinyongo. Alikuwa fundi makochi, pande la mtu, na sauti yake ilikuwa nzito kama ngoma. Kila mwaka kanisa lilipoigiza habari za Waisraeli kutoka Misri, nani mwingine angekalia kiti cha enzi? Hata kiti chenyewe alikitengeneza yeye, kwa sponji ya kochi la mteja aliyehama bila kulifuata.

Siku hizi akikaa kibarazani na chai yake, ule ukumbi wa kanisa humjia akilini wote: vumbi la mapazia, jasho la kwaya, watoto waliovalishwa mabawa ya karatasi ili wawe nzige, wakijikuna na kusukumana nyuma ya pazia. Na Musa! Musa alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, mwenye ndevu za pamba ya magodoro zilizomwingia mdomoni kila alipotaka kutisha.

"Waache watu waende!" Musa alikuwa akifoka, kisha anatema pamba.

"Siwaachi!" Farao alikuwa akinguruma, na ukumbi mzima ukitetemeka kwa raha.

Walifanya kazi pamoja pia, karakana moja. Baba yao alipofariki, kaka ndiye aliyemshikisha mdogo nyundo na mkasi. Mdogo alipiga mluzi kutwa nzima, wateja wakazoea, wengine wakakaa kusikiliza hata makochi yao yalipokuwa tayari.

Asubuhi moja mdogo aliweka nyundo chini.

"Kaka, nataka kujitegemea. Nimepata kibanda sokoni. Niache niende na ile cherehani ndogo."

"Cherehani haitoki hapa. Na wewe huendi."

Usiku mke wa fundi alimsihi mumewe, naye akakubali, kulipokucha akageuka. Kisha springi ya kochi ikafyatuka ikamchana kiganja, na mdogo wake ndiye aliyemfunga jeraha na kumalizia kazi zote. Hapo akalainika. "Haya, nikipona utakwenda." Kidonda kikapona, na moyo ukarudi palepale.

"Baba watoto, unajisikia unavyosema lakini?" mkewe alimuuliza. "Hapa si jukwaani."

Yeye akacheka. Mdogo wake hakucheka. Aliondoka mikono mitupu, bila kuaga, na kwenye mazoezi ya mchezo hakuonekana tena.

Karakana ikawa kimya. Fundi alipiga misumari akisikia nyundo yake tu. Siku ya kupimwa joho alimuuliza mwalimu wa kwaya, aliyekuwa amebana pini midomoni:

"Mwalimu, kama Mungu ndiye aliyeufanya mgumu moyo wa Farao, kosa la Farao liko wapi?"

Mwalimu akatoa pini. "Anza mwanzo. Kwanza aliufunga mwenyewe, tena na tena, kila nafuu ilipokuja. Baadaye Mungu akamwachia alichokitaka."

"Hiyo ndiyo hukumu yenyewe?"

"Mimi naogopa hiyo kuliko vyura na majipu. Simama wima, nisikuchome."

Siku ya mchezo akaja Musa mpya, kijana mwimba besi wa kwaya, na ndevu zilezile za pamba. Farao akamtazama. Zamu yake ikafika. Mdomo ukagoma.

"Siwaachi!" mtu alinong'ona nyuma ya pazia. "Sema siwaachi!"

"Nendeni," alisema Farao. Sauti ilimtoka ndogo, si yake. "Nendeni jamani. Chukueni na mifugo yenu."

Musa akabaki ameduwaa na fimbo yake. Ukumbi ukaangua kicheko. Nyuma ya pazia nzige wakaanza kulia, maana zamu yao ilikuwa bado na mchezo umeshakwisha, na mama mmoja aliyekesha akigundisha mabawa hakumpa fundi salamu kwa muda mrefu.

Jumatatu alipakia cherehani kwenye mkokoteni akausukuma mwenyewe hadi sokoni. Mdogo wake alikuwa anakata kitambaa.

"Umechelewa, kaka. Nimeshapata nyingine."

"Basi zitakuwa mbili."

Mdogo alikata mpaka mwisho wa kitambaa. Kisha akasukuma kigoda kwa mguu. "Kaa. Lakini bado nimekasirika."

"Kasirika. Nitakaa."

Walipatana, ila polepole, na hawakufanya kazi tena chini ya paa moja. Miaka ile ya mluzi ilikwenda na haikurudi. Hilo ndilo linalomuuma fundi hadi leo.

Mkewe alipofariki na macho ya fundi mwenyewe kufifia, mdogo alimchukua akae kwake. Kibaraza kinatazamana na banda la kazi, maana siku hizi mdogo anafanyia kazi nyumbani. Fundi haoni vizuri, lakini masikio yake ni mazima, na msumari ukilia vibaya hupaza sauti:

"Umepinda huo!"

"Nimeuona, kaka," mdogo wake hujibu, na kuung'oa.