Penalti Isiyosikika Bel-Air

Baba yangu hajawahi kuangalia penalti. Mwamuzi akishaonyesha tu pale mahali pa kupigia, yeye huinuka, hutoka uani na kusimama chini ya kamba ya nguo, mgongo umeelekea mlango. Anasubiri mtaa umwambie. Mtaa wetu wa Bel-Air ukipiga kelele, timu ya mji imefunga; ukiguna, imekosa. Nilipokuwa chuo kikuu nilimuuliza mara nyingi: kwani mpira unajua nani anautazama? Aliniambia nimpishe mlangoni.

Msimu huu mechi za ligi zimehama. Zilikuwa kwenye televisheni ya kawaida, kila nyumba imewasha yake. Sasa zinaonekana kwa programu ya simu, unalipia kila mwezi, na bando juu yake. Nililipia kwa sababu baba alikuwa amebaki na redio inayokwaruza, nikaunganisha simu na televisheni kwa waya. Majirani hawakulipia. Walisema matokeo watayasoma baadaye. Kuja kwetu hawakuja pia. Hakuna aliyetaka kuonekana ameomba kiti.

Jumapili ya kwanza, mechi ikielekea mwisho bila bao, tukapata penalti. Baba akatoka. Kwenye kioo kaduara kakaanza kuzunguka, mchezaji akaganda mguu hewani, kisha picha ikarudi na mpira ulikuwa wavuni. Nilikaa kimya. Mpira nautazama kama ninavyosoma gazeti, nikitafuta mahali wanaponidanganya.

Baba aliingia taratibu, uso ameukunja.

"Tulikosa."

"Hapana, papa. Iliingia."

"Kama iliingia, juu ya nini bantu balinyamaza?"

"Habaone mechi, papa. Habakulipa."

Aliangalia marudio ya bao akiwa amesimama. "Hii iko filamu," akasema. "Kwa mechi, bantu banalia, banapiga makelele. Juma ingine utaangalia peke yako."

Nilikosa utulivu wiki nzima. Tangu mama afariki, mechi ya Jumapili ndiyo pekee inayotuweka chumba kimoja bila kugombana. Na nilikuwa nimeilipia ili isipotee. Nikajiuliza wenye ligi wanahesabu nini wanapohesabu watazamaji. Nyumba yetu wanaiona: mteja mmoja, skrini moja. Yule anayesimama uani hayumo, na hakuwahi kuwamo. Labda bila malipo haya wachezaji hawapati mshahara. Sijui, na wanaosema wanajua hawajanishawishi.

Jumapili ikafika, nikambembeleza.

"Kaa, papa. Penalti ikikuja, nitalia miye."

Akacheka. "Weye? Ku iniversite balikufundisha kuuliza maulizo tu."

Lakini alikaa. Siku hiyo penalti haikuja, akasinzia. Ilikuja Jumapili iliyofuata, kipindi cha pili. Akanitazama, akatoka. Nikasogea hadi pua ikakaribia kioo, nikiogopa kale kaduara kuliko golikipa. Mpira ukaingia. Nikalia. Sauti ilitoka nyembamba, kama ya mtu aliyekanyaga msumari.

Nje kimya. Kisha, ng'ambo ya ukuta, nikamsikia jirani yetu, fundi wa kushona nguo.

"Jirani, kuko nini? Mutoto aliungua?"

"Goli," baba akasema. "Penalti. Iliingia."

"Weye uliona?"

"Miye niko huku inje. Ni mutoto njo aliona."

Jirani alikuwa kama anayepima iwapo mimi ni wa kuaminika. Halafu akapiga kelele. Nyumba ya nyuma yake ikamjibu, na nyingine, mpaka kelele zikafika barabarani, watu wakishangilia bao ambalo hakuna kati yao aliyeliona. Kwenye kioo chetu wachezaji walikuwa wamesharudi katikati, mpira unachezwa.

Nilisubiri baba aingie. Hakuingia. Nikaenda mlangoni; alikuwa ameegemea ukuta, anamweleza jirani jinsi penalti ilivyopigwa, upande wa kushoto, chini chini.

"Ilipigwa kuume, papa. Na mechi inaendelea."

"Minasikia." Hakugeuka. "Rudia mu nyumba. Kukiwa ingine, utatuambia."

Nikarudi. Kiti chake kilikuwa wazi, nami sikuweza kukaa kwenye changu. Nilisimama kati ya televisheni na mlango, jicho kwenye mpira na sikio uani, nikajikuta natamani tupate penalti nyingine, na sijui kama ilikuwa kwa ajili ya timu.