Tulipokuwa Mzigo wa Kupimia Tairi

Mwanangu wa kiume alipata gari miaka ile ya ruksa ya biashara, korosho zilipoanza kununuliwa na kila mwenye mizani. Lilikuwa pikapu kuukuu la Japani, na tumbo lake lilikuwa chini, likikwaruza kila kisiki. Njia za kupanda Newala ni mchanga na mizizi, basi akampelekea fundi aliinue. Nyuma likaongezwa vyuma vya springi, mbele likakazwa mpaka pua ikatazama mawingu. Aliporudi nalo nyumbani Lisekese nilimuuliza, "Baba, sasa mimi nitapandia ngazi?"

"Mama, hili sasa ni dume."

"Dume lenye matege," nikamwambia. Nilikuwa nimeinama mbele yake, nyuma limejaa magunia aliyopakia mjini, na zile tairi mbili hazikuwa zinatazama njia moja. Hakunisikia. Mwanamume akipata gari, masikio huyaacha nyumbani.

Mwaka huo mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu aliyeolewa Kitangari, alikuwa ndani, unyagoni. Kwetu mwali anapotolewa, bibi mzaa mama ndiye anayemfunika kanga mpya mbele ya watu, na mjomba ndiye anayemfikisha bibi. Bibi asipofika, atafunika mwingine wa upande wa baba, na hilo utasimangwa mpaka siku ya kuzikwa. Kwa hiyo machoni pangu gari lile lilikuwa na kazi moja tu: linifikishe Kitangari Jumamosi asubuhi, mimi na wanawake wa ukoo, wote wazima.

Jumatano tulitangulia kupeleka mihogo na mtama wa sherehe. Nilikaa mbele na mwanangu. Tulipoanza kona za mlima wa Newala wa kupandia Kitangari, gari likawa linavuta kushoto, na kushoto ndiko kwenye bonde. Mwanangu ameshika usukani kwa mikono miwili, anauvuta kama mtu anayevuta mbuzi asiyetaka kuchinjwa. Jasho linamtoka. Kona ya kwanza nilishika mlango, ya pili nikashika kiti. Ya tatu nikaona majani ya miti chini yangu, si pembeni yangu. Nikasema, "Simamisha." Nikashuka. Mlima ule niliupanda kwa miguu yangu, gari linanifuata nyuma kama mbwa aliyechapwa.

Kurudi, tumeshashusha magunia, gari likaenda sawasawa kabisa. Mwanangu akashika usukani kwa mkono mmoja, akaanza kupiga mluzi.

"Umeona, Mama? Ulikuwa upepo tu."

"Upepo gani huo, unavuma watu wakienda tu?"

Mluzi ukakatika. Nikamwambia wazi kwamba mimi sitapanda nalo mlima tena, na wanawake wangu hawatapanda, mpaka nimwone huyo fundi. Usiku ule sikulala. Kutoka Lisekese mpaka Kitangari kwa miguu, na magoti haya, ningefika mwali ameshaolewa.

Asubuhi tukaenda Masasi kwa fundi. Alikuwa kijana mpole, mafuta mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umelitia matege gari la mwanangu."

"Mama, mimi baada ya kuliinua niliipima alaimenti mwenyewe. Tairi zilikaa sawa."

"Ulipima likiwa na nini ndani?"

"Tupu. Gari linapimwa tupu, mama."

"Wewe si umezaliwa huku huku? Umeliona wapi gari tupu linapanda Newala?"

Akalizunguka gari. Kisha akaegemea nyuma ya gari kwa uzito wake wote, huku anachungulia mbele. Akasema, kama anajisemea mwenyewe, kwamba mzigo ukikaa nyuma pua inazidi kunyanyuka, na pua ikinyanyuka tairi za mbele zinageuka, ya kushoto kuliko ya kulia. Akapitisha kiganja kwenye tairi ya kushoto. Nami nikapitisha. Upande mmoja ilikuwa imeliwa, inakwaruza kama ulimi wa ng'ombe.

"Inabidi nipime likiwa na mzigo," akasema.

Mwanangu akasema akatafute mawe.

"Mawe ya nini?" nikamuuliza. "Mzigo wenyewe ni sisi."

Nikatuma waitwe, na mchana wakaja wanawake tisa wa ukoo, na ngoma zao, na vyungu vyao, kama vile ndiyo Jumamosi yenyewe. Fundi aliomba ghala la korosho lililokuwa wazi, maana sakafu yake ya saruji ni bapa. Wakapanda, wakakaa kama watakavyokaa njiani. Fundi akafunga kamba kutoka tairi ya nyuma, akaipitisha ubavuni mpaka mbele. Mimi nikashika ncha. Mikorosho yangu yote niliipanda kwa kamba, mkono wangu hautetemeki. Shule niliishia darasa la pili na namba za rula yake sikuzifuata, lakini nafasi kati ya kamba na tairi, kidole kimoja au viwili, naijua. Kulia kidole kimoja. Kushoto viwili na ushee.

Akaingia chini, akawa anazungusha kile chuma kinachosukuma tairi. Kila akitoka kupima, kamba inacheza.

"Mama zangu, naomba msitikisike!"

"Wanawake wa unyago tusitikisike?" Huyo ni wifi yangu, ulimi wake hauna breki. "Fundi, ukimaliza nipime na mimi kiuno, nacho siku hizi kinavuta kushoto."

Gari zima likacheka, na vipimo vyote vikapotea. Fundi akakaa chini sakafuni, akashika kichwa. Ilibidi niwakemee. Nikawaambia, anayetaka kufika kwa mwali akiwa hai afunge mdomo na kiuno. Wakanyamaza. Wanawake tisa, ngoma mapajani, hakuna hata aliyekohoa. Sijawahi kuona tena jambo kama lile. Fundi akapima kulia, akapima kushoto, akarudia. Kidole kimoja, kidole kimoja.

Jumamosi alfajiri tukapanda mlima. Nilikaa mbele, macho kwenye mikono ya mwanangu. Kona ya kwanza. Ya pili. Ya tatu mikono yake imetulia, usukani unarudi wenyewe katikati, na bonde limebaki huko huko mahali pake. Nikagundua nilikuwa nimebana pumzi. Nilipoiachia ikatoka na machozi. Huko nyuma walishaanza kuimba na kutikisika, na gari halikujali.

Tulifika ngoma bado inapashwa moto. Wanawali wakatolewa, vichwa vimeinama, wamepakwa mafuta wanang'aa. Wangu nilimjua kwa shingo. Shangazi yake alikuwa amesimama karibu, kanga mkononi, amejiweka tayari. Nikampita bila kumwangalia. Nikamfunika mwali wangu.

Chini ya kanga sauti ndogo ikaniuliza, "Bibi, mmekuja na lile gari la Jumatano?"

"Ndilo."

"Halikuanguka?"

"Nyamaza," nikamwambia. "Mwali haongei."

Lakini mkono wake nilioushika chini ya kanga sikuuachia.