Ngano ya Octavie Iliyokwisha Kulowekwa

Alhamisi, tarehe 8 Oktoba 1914. Ukungu mpaka saa nne, kisha manyunyu yasiyolowesha udongo wala kukatika.

Octavie Lempereur, mwenye miaka arobaini na mmoja, alikuwa na shamba moja zuri, la mteremkoni nyuma ya kanisa. Agosti mumewe Anselme aliitwa jeshini, na wiki hiyohiyo farasi wao wakachukuliwa. Octavie akalima kwa ng'ombe wa maziwa. Tulimcheka, lakini mifereji yake ya plau ilinyooka.

Vita alikuwa akivijua. Mwisho wa Agosti Wajerumani walipita kijijini wakikimbilia kusini. Septemba walipita tena wakirudi, na askari wetu nyuma yao. Kila mara vilikuwa kama mvua ya mawe: unajificha, unatoka, unatafuta kuku waliobaki.

Kwa hiyo Jumatatu askari wetu arobaini waliposimama shambani mwake, hakushtuka. Kila mmoja alijichimbia kishimo cha kulalia kifudifudi, kama sungura. Luteni wao, Roquebert, kijana wa mjini, alimwambia, "Mama, Jumatano hatupo hapa. Tunasonga mbele."

"Basi naweza kuloweka?"

"Loweka tu."

Luteni hakujua ameulizwa nini. Sisi huku huloweka ngano ya mbegu katika mrututu, ile dawa ya buluu, ili isipate fugwe, ugonjwa unaogeuza punje kuwa vumbi jeusi. Ikishalowekwa ni sumu, haifai mkate wala chakula cha kuku, na isipopandwa siku chache zinazofuata huharibika. Jumanne Octavie akaloweka magunia yote matatu. Nyumbani hakubaki na mbegu nyingine.

Alhamisi alikuja ofisini kwangu. Mimi ni karani wa kijiji. Alitaka shahidi mwenye daftari, nami nikamfuata mpaka shambani.

Vile vishimo vilikuwa vimeunganishwa kuwa handaki moja refu, la kumfikia mtu kifuani. Mbele yake wamefunga seng'enge. Mlango wa ghala la Octavie ulikuwa umelazwa juu kama paa.

"Huo mlango wangu!"

"Karibu ndani, mama," alisema askari mmoja mwenye ndevu nyekundu. "Bisha hodi kwanza."

Wenzake wakacheka. Octavie hakucheka. "Mlisema mnaondoka Jumatano."

"Sisi kila siku tunaondoka kesho. Muulize luteni, ndiye mwenye kesho yake."

Luteni Roquebert alitoka ameshika beleshi, viganja vimechubuka. Octavie akamweleza habari ya mrututu taratibu, kama anavyoelezwa mtoto. Kijana akawa mwekundu mpaka masikioni.

"Mama, ungeniambia."

"Nilikuuliza!"

"Nilidhani unaniuliza habari za kufua."

Yule wa ndevu aligeuka akaangalia pembeni. Nyumbani kwao, nilisikia baadaye, nao hulima ngano.

"Fukieni hili shimo," Octavie alisema. "Mkapigane kwingine, kama mlivyopigana Septemba."

"Kwingine wapi? Wajerumani ng'ambo nao wamechimba. Tukienda kulia, wanakwenda kulia. Hatuwapiti, hawatupiti."

"Mpaka lini?"

"Sijui."

"Neno hilo ungenipa kabla ya Jumanne, Bwana Luteni, ngano yangu ingekuwa kavu."

Alinigeukia. "Umeandika?" Nikamwambia nimeandika. Akauliza daftari langu litampa mbegu gani. Hakungoja jibu, alikuwa ameanza kuifuata mifereji yake iliyokanyagwa, akiinama kupima udongo.

Luteni alisema, asubuhi kukiwa na ukungu, adui wasipoona, Octavie anaweza kupanda nyuma ya handaki. Mbele ya seng'enge, hapana.

"Nyuma ni robo ya shamba."

"Ni robo, mama."

Ijumaa, ukungu mzito. Octavie alifunga aproni ya kubebea mbegu, akapanda ile robo kwa mkono, akiruka njia waliyoitengeneza askari. Saa nne alirudi nyumbani, akachukua beleshi, akaifukia ngano yote iliyobaki nyuma ya ghala, kina cha magoti, kuku wasiifikie.