Mama ameandika kitabu cha Ayeeyo na bata, na huyo bata ni uongo wangu

Wakuu, salaam kutoka Iftin, Garissa. Niko Form Three na darasani wanajua mdomo wangu hauna breki. Lakini leo sitii chumvi. Chumvi niliitia zamani, ndiyo imenileta hapa.

Mama ni Mkamba wa Mwingi, Baba ni Msomali. Mama anaandika hadithi za watoto, na malighafi yake ni sisi. Ukimwaga chai asubuhi, jioni uko kwenye daftari. (Kuna moja mimi ni mbuzi. Tuendelee.)

Miaka miwili iliyopita Ayeeyo (ndiyo nyanya kwa Kisomali), mamake Baba, alihamia kwetu kutoka Diff, kule mpakani. Kiswahili chake ni cha kuokota, na P kwake ni B. Kisomali cha Mama nacho kinaishia kwenye salamu.

Baba hashindi nyumbani, kwa hiyo mkalimani wa nyumba ni mimi. Hilo lilikuwa kosa la familia.

Siku moja Ayeeyo akapoteza tasbihi. Anainua mito, anapekua mikeka, anamlalamikia Mama, "Natafuta, sibati! Sibati kabisa!"

Mama akanigeukia. "Anataka nini?"

Nikajibu bila kupepesa, "Bata."

Wakuu, nilidhani atacheka. Akavaa viatu.

Alizunguka mji mzima kwa miguu, na jua letu mnalijua, mpaka mashamba ya kando ya mto Tana. Akarudi na bata kwapani, buibui limejaa tope, anang'aa kama amepita mtihani wa ukaza mwana.

Sasa, Ayeeyo ni mtu wa ngamia. Kwake ndege si chakula, ni kelele. Akaniuliza kwa Kisomali, "Nimemkosea nini huyu?" Nikamwambia ni zawadi, ndiyo heshima ya Wakamba. (Wakamba mliomo humu, mnisamehe.)

Bata akabaki uani. Kila akigusa maji ya udhu ya Ayeeyo, bakora inamhusu.

Mwezi uliopita Mama akamaliza hadithi: nyanya anatoka mbali, ni mpweke, anaomba bata, wanakuwa marafiki. Mchapishaji mmoja wa Nairobi akaipenda. Na Mama amekataliwa na wachapishaji mara nyingi kuliko mimi nilivyofukuzwa darasani. Ila jina la Ayeeyo limo, kwa hiyo lazima akubali mwenyewe. Akikataa, hakuna kitabu.

Nani atamtafsiria? Mimi.

Mama amekaa pembeni, mikono magotini, ananitazama kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Nikaanza. Nilipofika "akaomba bata", Ayeeyo akanikata.

"Waryaa! Mimi niliomba bata lini?"

Jasho likanitoka. Nikaungama yote kwa Kisomali, mbio mbio: tasbihi, bata, heshima ya Wakamba. Mama haelewi kitu, anatabasamu tu.

Nikasubiri bakora. Haikuja.

"Alimtafuta wapi?"

"Mji mzima, Ayeeyo. Mpaka mtoni."

"Kwa miguu?"

"Kwa miguu."

Kisha akamgeukia Mama na Kiswahili chake chote. (Zakaria ndiye mimi.) "Mama Zakaria, mimi nilitaka bata. Nabenda bata sana. Andika."

Mama akalia. Mimi nimeachama.

Ayeeyo akanirudia kwa Kisomali, sauti tamu kabisa kama ananiombea dua: "Ukimwambia, unaenda Diff kuchunga ngamia."

Kitabu kinachapishwa. Ukurasa wa kwanza Mama amenishukuru "kwa kutafsiri kwa uaminifu". Sijui kama nimesamehewa au nimefungwa.

Funzo, kama ni funzo: ukigeuza neno katikati ya watu wawili, usidhani litabaki lako. Wanaweza kulichukua wakajenga nalo nyumba, na wewe huna ruhusa ya kubomoa.

Sasa niambieni wakuu, bila kunitukana sana. Mama ana haki ya kujua, ama ukweli ndio utakuwa ubaya wangu wa tatu? Wenye ayeeyo wakali waanze.