Kiatu cha Mguu Uliozikwa Mwenga

Shuleni tumeacha majina ya kizungu tangu mwaka jana, kwa amri ya serikali, lakini hapa mtaani Cimpunda jirani yetu bado ni Papa Anaclet tu. Alichimba dhahabu kule Mwenga mpaka jiwe likamponda mguu wa kushoto. Daktari akaukata, na shemeji yake Xavier akauzika kwa heshima, kama anavyozikwa mtu. Ila aliuzika na kiatu chake cha kazi, kamba zikiwa zimekazwa.

Tangu asikie hivyo, Papa Anaclet hana amani. Mguu ambao hauko unamuuma! Mara unawaka moto, mara ni sindano, lakini hasa unabanwa. Nilimuuliza infirmier, muuguzi wa zahanati, kama mzee anajifanya. Akanikazia macho.

"Hajifanyi. Mishipa iliyokuwa ikileta habari za mguu ingali ndani yake. Kichwa bado kinaamini mguu uko."

Juzi nilitumwa kwa Papa Anaclet kuomba chumvi, nikamkuta ameshika magongo na jembe. Anangoja lori la Mwenga, akafukue mguu, auvue kiatu. Na mvua hii! Kidonda chenyewe hakijakauka. Mkewe, Mama Emérence, alikuwa amesimama mlangoni.

"Muzee, utakufa mu barabara."

"Basi nikufe! Bidole binabanwa, Emérence. Weye haujue."

"Kuya hapa ukae kwanza. Miye nitakufungulia."

Akamkalisha kwenye mkeka, akamfunika kwa kitenge kuanzia kiunoni. Akatoa uvunguni kile kiatu kilichobaki, akakiingiza chini ya kitenge, pale mguu ungekuwa.

Papa Anaclet akachungulia. "Eh! Hii iko ya kuume!"

"Nyamaza. Mguu wenyewe hauko, na bado unachagua?"

Tulicheka, mimi na mzee. Mama Emérence hakucheka. Aliingiza mikono chini ya kitenge, akaanza kulegeza kamba.

"Hii imelegea. Na hii. Sasa ninatoa kisigino."

Mzee akafumba macho. Mabega yakamshuka.

"Pole pole," akasema. "Kidole kidogo kimeshikwa."

Mama Emérence akakivua kiatu pole pole.

Lori lilipiga honi likapita. Maumivu hayajaisha, yanarudi, hasa kukiwa na baridi. Ndiyo maana kiatu kile sasa kinakaa karibu na mkeka, na kila asubuhi, kabla ya kwenda sokoni, Mama Emérence anakikaza kamba upya, ili jioni awe na cha kufungua.