Mashine Mbili Zilizokataa Kusalimiana

Kwanza ulikuwa mlio. Kabla hatujaona chochote, tukiwa tumejazana dukani na sambusa mikononi, ulitoka ghalani, ng'ambo ya ua, mlio kama wa paka aliyebanwa mkia na mlango wa bati, krrrii, krrrii, krrrii, haupungui wala hauvuti pumzi, na wageni wote wakageuza shingo kwa pamoja, na mama yangu mzazi, aliyekuwa ameketi kiti cha mbele kabisa na kanga yake mpya ambayo bado ilikuwa na harufu ya duka, akaniuliza mbele za watu, "Mwanangu, hiyo ndiyo kazi yenyewe?"

Ndiyo, mama. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe.

Naona haya kuisimulia hadithi hii, na nitaisimulia hivyo hivyo na haya zangu, lakini msinionee huruma, maana sitaki huruma. Nina hasira. Nilikuwa na hasira jioni ile, nikaenda kulala nayo, na mpaka leo nikipita mtaa wa Usagara na kuona bati zimesimamishwa mbele ya duka lolote, damu inanipanda. Nimewakasirikia wale ndugu wawili, nimewakasirikia wageni waliocheka huku wakitafuna vya watu, na aliyenikasirisha kuliko wote ni mimi mwenyewe, bwana mdogo mpole, mwenye adabu, asiyejua kusema hapana.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Mnaikumbuka. Jana tu tulikuwa tunapanga foleni ya kipande cha sabuni, na leo maduka yamefurika, sabuni za kila rangi, baiskeli, redio, vitambaa vinavyong'aa kama magamba ya samaki. Lakini ruksa ile ile iliyojaza maduka ilikifunga kiwanda cha serikali nilichokuwa fundi wa mitambo, tukatolewa mlangoni na cheti cha utumishi na kupeana mikono, nikarudi kwa mama Tongoni kukaa barazani na kuhesabu mbuzi wa jirani. Ndipo nikasikia kwamba duka la vifaa vya ujenzi la Bwana Sadik na kaka yake Bwana Gulam limeleta kompyuta mbili kutoka Dubai, na kwamba anatafutwa mtu wa kuziunganisha. Masharti yalikuwa mepesi kuyaelewa: zikiungana siku ya kuzizindua mbele ya wageni, kazi ni yangu ya kudumu. Zisipoungana, nirudi kwa mbuzi.

Sasa, wale ndugu. Bwana Gulam ndiye mkubwa, mzito wa mwili na wa maneno, na yeye alikaa ghalani nyuma ya ua, penye saruji na mabomba na mapipa ya rangi. Bwana Sadik ndiye mdogo, mwembamba, mwenye sauti kali, na yeye alikaa dukani mbele, penye wateja na leseni ukutani. Na ndugu hawa walikuwa hawasemezani. Kisa chenyewe hakuna aliyekijua sawasawa; wengine walisema ni nyumba ya marehemu baba yao kule Raskazone, wengine wakasema ni neno moja lililotamkwa harusini, lakini mji mzima ulijua kwamba kila mmoja alikuwa anangoja mwenzake atangulie kutoa salamu, na hakuna aliyetangulia. Mlango wa nyuma wa duka, unaotokea uani, Bwana Gulam hakuukanyaga tena. Mteja akitaka misumari, Bwana Sadik alimwambia mpagazi, "Mwambie huyo wa ghalani alete misumari," na Bwana Gulam, ambaye alisikia kila herufi (ua wenyewe ukitema mate yanauvuka), alimjibu mpagazi, "Mwambie huyo wa dukani misumari imekwisha, na angekuwa na macho angejua."

Ndiyo sababu ya zile kompyuta. Watu walidhani ni maendeleo. Maendeleo gani! Zilinunuliwa ili mauzo ya dukani yachapwe yenyewe ghalani kwenye karatasi, watu wawili waliozaliwa tumbo moja wasihitaji hata mpagazi katikati.

Nilitandika kebo uani, ndani ya bomba la plastiki, na ghalani nikaunga mashine ya kuchapa. Kila kompyuta nikaitia kadi ya mawasiliano, kadi ya kasi kwa wakati ule, yenye chipu yake inayopeleka herufi moja moja kwenye waya, mfululizo, kama watu wanavyopokezana ndoo kisimani. Ndani ya chipu mna rejista (si ile ya kuitia majina shuleni, hizi ni vijumba vidogo vya kumbukumbu ambamo unaandika sifuri na moja, na chipu inatii). Rejista moja ni ya kasi: pande zote mbili ziandikwe kasi ile ile. Nyingine ni ya namna ya kuhesabu herufi: nazo zilingane. Hizo nilizipatia, nilizipenda hata, maana kuna uzuri katika kitu kinachokuelewa bila kukuuliza wewe mtoto wa nani.

Ila palikuwa na kijumba kimoja ambacho hakitakiwi kulingana. Ukiandika moja, upande ule ndio unaoanza: unapiga mapigo kama mpiga ngoma, na mwenzake anafuata. Ukiandika sifuri, upande ule unangoja. Mmoja aanze, mmoja angoje. Basi. Hakuna zaidi ya hapo.

Kosa langu, kosa la kijinga, la mtoto aliyelelewa vizuri, ni kwamba nilimweleza jambo hilo Bwana Sadik.

Alikunja uso. "Inayoanza ndiyo inayobisha hodi?"

"Tuseme hivyo, bwana."

"Basi isiwe yangu. Mtu akija dukani ndiye anayesalimu. Tangu lini duka likaenda ghalani kubisha hodi?"

Nikasema ndiyo. Mchana ule ule Bwana Gulam akaniita (waya ule ulipitisha habari kabla haujaungwa), akanikalisha juu ya mfuko wa saruji. "Kijana, mimi nimemwosha yule akiwa mtoto. Mkubwa hatangulii kumwamkia mdogo. Yangu isianze. Umenisikia?"

"Nimesikia, bwana mkubwa."

"Sema ndiyo."

Nikasema ndiyo! Ningeweza kuwaambia kwamba vipande vya shaba havina kaka wala mdogo. Ningeweza kuchagua mmoja na kunyamaza, nani angejua? Lakini niliwaogopa, niliitaka kazi ile mpaka meno yaliniuma, na mwenye shida husema ndiyo kwa kila mdomo unaofunguka mbele yake. Nikaandika sifuri huku, nikaandika sifuri kule. Mashine zote mbili zikakaa kungoja, zimekunja mikono kama wenyewe. Akilini nilikuwa na hila yangu: siku yenyewe nitainama kwenye kibodi ya dukani kana kwamba nafuta vumbi, nitaandika moja haraka, mambo yatakwenda, kila mtu atabaki na heshima yake.

Siku ikafika. Baada ya swala ya alasiri wageni wakajaa, ubani ukafukizwa, dua ikasomwa, sambusa zikazunguka. Mama alitoka Tongoni tangu asubuhi, na kila aliyeketi karibu naye alishaelezwa kwamba mashine ile inaongozwa na mwanawe. Nikasogea kwenye kibodi na kitambaa changu cha vumbi. Bwana Sadik akanisukuma kwa kiwiko.

"Kaa pembeni. Leo naendesha mwenyewe."

Akaketi. Akaandika: bati, rangi nyeupe, misumari. Akabonyeza. Akainua mkono juu kama mtu aliyewasha taa za mji.

Kimya.

Akabonyeza tena. Kimya. Kutoka ghalani hakikusikika hata kikohozi. Hapo ndipo Mbaruku, dereva wa lori lao, mtu ambaye Mungu alimpa mdomo akasahau kumpa breki, akasema kwa sauti, "Jamani, hata mashine zao hazisemezani!"

Duka zima likaangua kicheko. Bwana Sadik hakucheka. Alinitazama mimi.

"Ni kebo," nikasema (uongo wa kwanza), nikavuka ua mbio. Ghalani Bwana Gulam alikuwa ameketi mbele ya mashine yake. Nikamwomba nafasi, nikaingia kwenye rejista, na kwa kuwa hofu ilishanila akili nikaandika moja palepale, upande wake, nikathibitisha, nikijiambia bora yeyote aanze, liishe.

"Unafanya nini?" Alikuwa amesimama nyuma yangu. "Umeiambia yangu ianze?"

"Hapana, bwana mkubwa." Uongo wa pili. "Nairudisha."

"Irudishe nione, ama naukata huo waya kwa msumeno."

Nikaandika sifuri, na kabla sijabonyeza kitufe cha kuthibitisha akanivuta shati kutoka nyuma. "Imetosha! Toka, unanitia jasho." Nami nikatoka, nikiamini kwamba nimeirudisha, mpumbavu mimi, maana sifuri yangu ilibaki kwenye kioo tu, ndani ya chipu bado ilikuwa moja. Nikarudi dukani nikihema, nikakuta Bwana Sadik amesimama kuwatuliza wageni, kiti kitupu, nikainama, nikaandika moja, nikathibitisha.

Sasa zote mbili zikaanza. Pamoja. Kila mmoja anapiga ngoma yake, kila mmoja anasema na hakuna anayesikiliza, na mashine ya kuchapa ya ghalani ikapokea makelele yale ikaanza kuyatapika kwenye karatasi, krrrii, krrrii, krrrii, na ukatoka ule mlio niliowaambia.

Walikimbilia uani wote, na sambusa zao. Karatasi zilikuwa zinamiminika kutoka ghalani, ndefu, hazikatiki, zimejaa nyota na mikwaju na herufi zisizo za lugha yoyote, na Mbaruku akaokota mwisho mmoja akawa anasoma kwa sauti ya kuhutubia, "Ndugu wananchi, kh, kh, alama ya kuuliza, kh!" Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Mama peke yake hakucheka. Alisimama mlangoni ameshika pindo la kanga mdomoni.

"Umetuletea tapeli," Bwana Sadik akamwambia mpagazi, ili Bwana Gulam asikie.

"Mwambie," Bwana Gulam akamwambia mpagazi yule yule, "tapeli kamleta yeye."

Mimi, tapeli! Niliyelala sakafuni mwa ghala lao na kebo kifuani! Kitu kikakatika ndani yangu. Nikaingia ghalani, nikaandika sifuri upande wa Bwana Gulam, nikabonyeza kitufe mpaka kikalia, na mlio ukakatika kama uzi. Nikavuka ua bila kumtazama mtu, nikaketi kwenye kiti cha Bwana Sadik, ambacho hakuna mwingine aliyewahi kukikalia. Upande wa dukani ulikuwa moja tayari. Hofu ilishakwisha, ilibaki hasira. Sikuandika bati wala misumari. Niliandika: Asalaam aleikum kaka Gulam. Mimi mdogo wako Sadik. Nikabonyeza.

Ghalani mashine ya kuchapa ikatoa sauti fupi, safi, kama mtu anayepiga pasi. Halafu ikanyamaza.

"Imekubali!" mpagazi akapiga kelele. "Imeandika Kiswahili!"

Makofi yakalipuka, watu wakarudi dukani. Mama akapiga kigelegele ambacho nadhani kilifika bandarini. Bwana Sadik, ambaye hakujua kilichoandikwa, akanishika bega mbele ya watu wote. "Kesho njoo asubuhi. Kazi ni yako." Na nikaisahau hasira, nakiri, nikatabasamu kama bwege.

Ndipo mlango wa nyuma ukafunguliwa, na Bwana Gulam akaingia dukani.

Watu wakampisha njia. Alikuwa amekishika kipande cha karatasi kwa mikono miwili, na macho yake yalikuwa mekundu, na alipumua kama mtu aliyepanda mlima. Akasimama mbele ya mdogo wake.

"Waaleikum salaam, Sadik," akasema. Moja kwa moja, bila mpagazi.

Bwana Sadik akaitazama karatasi. Akaisoma. Nami nikamtazama yeye, nikamwomba kwa macho, nikamwomba Mungu, kwa maana alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Asiseme lolote. Salamu ilishatoka, ilishajibiwa, dunia nzima ilikuwa tayari kuamini.

"Sikuandika mimi," akasema. "Kaandika huyu. Kanitia maneno mdomoni bila idhini yangu." Akanigeukia. "Chukua vitu vyako. Hapa huna kazi."

"Bwana Sadik, mwanangu anahangaika," mama akaanza.

"Mama, usimwombe," nikamwambia. Hayo tu ndiyo ninayojivunia katika siku ile yote.

Nimeapa tangu hapo. Watu wawili wakiniletea mambo yao, nasema hapana kwa wote wawili, hapohapo, kwa sauti, hata kama ni chai wananikaribisha. Wananiita mkorofi. Waniite.

Bwana Gulam alikuwa bado amesimama. Aliikunja karatasi mara mbili, taratibu, akaiweka juu ya kaunta, karibu na mkono wa mdogo wake lakini si mkononi. Halafu akanitazama mimi, si yeye.

"Basi waaleikum salaam wewe, kijana," akasema, akatoka kwa mlango ule ule wa uani, na mlango ukafungwa nyuma yake.